Wazee kumi na wanne wa orodha yangu

Ijumaa iliyopita nilirudisha begi la kazi. Aliyelipokea alitoa kitu kimoja kimoja na kukiweka mezani: kipimajoto, mkasi, glavu, kipaza sauti cha mkononi. Akakibonyeza kile kipaza sauti, kikakaa kimya, akaniuliza betri ziko wapi. Nikamwambia zilikwisha Machi. Basi miaka kumi na sita ya kutembea kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, nyumba kwa nyumba ikaishia kwenye betri, nikaenda zangu.

Ninyi vijana mnaoshika kazi mlitaka nitoe hotuba siku ile, nikakataa kwa sababu soda zilikuwa zinapata moto na mimi nikianza kusema sijui kunyamaza. Ninaandika badala yake. Vyeti vyangu vya semina sitavitaja. Vimo kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, na hapo panavitosha. Nitaandika yale ambayo ningependa mtu angeniambia mimi, na mengine ambayo nimeyajua juzi tu.

Nilifika mwaka 2003 nikitokea Bukavu, Kongo, nilikokuwa muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya mtaa wa Kadutu. Karatasi zangu za uuguzi ziliungua pamoja na kabati na nyumba. Kwenye kliniki ya kambi walinisikiliza kwa adabu, wakaniambia bila karatasi siwezi kuuguza, ila kuna kazi ya kutembelea watu majumbani na kuwafundisha usafi. Niliikubali kwa hasira. Nilikuwa nimezalisha wanawake kwa mwanga wa kibatari, na sasa naambiwa nikakague vifuniko vya ndoo.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bambo Phiri, mhudumu wa afya Mmalawi, mtu mrefu, mkimya, mwenye baiskeli aliyoisukuma zaidi ya kuipanda. Yeye alijua Kichewa na Kiingereza. Mimi nilijua Kiswahili, Mashi na Kifaransa. Tulitembea nusu siku tukionyeshana vyoo kwa vidole. Nyumba ya tatu nilichoka kunyamaza, nikasimama mlangoni na kumwaga somo lote la maji safi kwa pumzi moja. Mwenye nyumba aliitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Bambo Phiri akanivuta mkono wa blauzi, akaonyesha mkeka, akasema, "Khalani pansi, Amayi." Nikakaa chini kama nilivyoambiwa. Naye akakaa. Akaomba maji, akayanywa, akasifu mahindi yaliyoanikwa, akauliza habari za mguu wa babu aliyekuwa pembeni. Robo saa nzima ilipita kabla hajagusa habari ya kifuniko.

Jioni alinieleza kwa Kiingereza cha polepole. Katika kambi hii, alisema, anayesimama mlangoni ameleta habari mbaya au amekuja kumwondoa mtu. Hakuna anayesikia maneno yake, wanangoja tu aondoke. Tangu siku ile nimefanya kazi nikiwa nimekaa, na magoti yangu yananidai mpaka leo. Msimu mmoja tu nilifanya kazi nikiwa nimesimama, na huo ndio nitakaousimulia kwa kirefu.

Kabla ya hapo niseme habari ya beseni, kwa sababu bila beseni hamtaelewa. Matangani kwetu, chakula kikiwa tayari, beseni la kunawa linapita mkono hadi mkono, na maji ni yale yale kuanzia mzee wa kwanza hadi mtoto wa mwisho. Masika moja kipindupindu kiliingia. Nilishika kipaza sauti nikapiga marufuku beseni. Watu walinitazama kana kwamba nimepiga marufuku kulia. Miezi mitatu nilipiga kelele, na beseni likaendelea kuzunguka.

Aliyelimaliza ni Mzee Lubunga, shemasi kutoka Fizi, sauti nzito ya kwaya na mbishi wa kuzaliwa. Nilikuwa nimekaa naye mkekani mara kadhaa, tukabishana, nikaondoka nikidhani nimeshindwa. Kwenye matanga fulani wakampa beseni yeye kwanza kwa umri wake. Akanawa, akalitazama, akalimwaga lote chini mbele za watu. "Maji hii nimeisha kuichafua mi," akasema. "Mulete jagi. Kila mutu amwangiwe yake." Wakaleta jagi. Wiki ile ile jagi likaenea kambi nzima, na wapo wanaodhani lilikuja na misheni. Hapo nilijifunza kwamba mzee mmoja akibadilika hadharani, kipaza sauti kinaweza kulala.

Sasa mwaka 2009. Redio zilianza kusema kuhusu mafua mapya yanayozunguka dunia, yakapewa jina la nguruwe, na kwa wiki mbili nzima wauza nyama ya nguruwe wa kambini walinuna kama waliofiwa. Ilikuwa Juni. Wanaoijua Dowa, wilaya ya kambi yetu, wanajua upepo wa Juni, ule unaopita kwenye matofali mabichi na kuingia kifuani. Kliniki ikatupa maneno matatu ya kutangaza: naweni mikono, zibeni mdomo mkikohoa, mwenye homa abaki nyumbani. Mimi nikaongeza la nne. Wazee wanaoishi peke yao na wenye vifua vibovu wasitoke kabisa mpaka baridi iishe.

Hilo la nne halikuwa kwenye karatasi yoyote. Lilikuwa langu. Baridi ya mwaka uliotangulia nilizika wazee watatu wa kikohozi kwa mwezi mmoja, na mmoja wao nilikuwa nimemwahidi atapona. Baadaye semina fulani ilitueleza kwamba mafua yale yaliwapenda zaidi vijana kuliko wazee. Sawa, lakini upepo wa Dowa haukuhudhuria semina. Niliandika orodha ya wazee kumi na wanne, nikaapa kwamba mwaka huu hatoki hata mmoja kwenda makaburini kama mimi nina miguu.

Bambo Phiri aliitazama orodha, akauliza nani ameniagiza. Nikasema hakuna. Akairudisha, na siku iliyofuata akaniletea chupa ya spiriti ya kusafishia kipimajoto.

Hapo ndipo nilipoanza kusimama. Sikuweza kukaa mkekani na mzee niliyemwambia asikaribiwe na mtu. Nilisimama nje ya dirisha, hatua tatu, nikapaza sauti, na moyoni niliona aibu kila mara. Mzee Lubunga alikuwa wa pili kwenye orodha. "Vita ilinishindwa," akaniambia, "sasa mafua njo itaniweza?" Nikamwambia vita haikuwa na haja ya kifua chake. Alicheka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta, na kicheko kikaisha.

Lakini hakuwa mtu wa kufungiwa. Baada ya siku nne nilimkuta bombani, mahali pa kuteka maji, amefunga mdomo kwa skafu ya marehemu mkewe, amenyoosha fimbo mbele yake kwa urefu wote. Yeyote aliyesogea ndani ya fimbo aliguswa nayo kifuani, polepole, kama anayempima nguo. Mnajua salamu ya wanaume wetu wa Kongo, vichwa vinagusana kushoto, kulia, kushoto. Mtu mmoja akaja na kichwa chake tayari, akakutana na fimbo. "Salamu ni muzuri," Mzee Lubunga akamwambia, "lakini uibakishe kule kwenye uko." Akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa. Yule bwana akabaki hewani na shingo yake, kisha akaiga.

Vijana walicheka. Baada ya wiki mbili hawakucheka tena, kwa sababu wazee wote wa kanisa walikuwa wanafanya hivyo, na kijana anayemlazimisha mzee kichwa chake anaonekana hana malezi. Jumapili wazee walibeba viti vyao nje, wakakaa juani nafasi ya fimbo moja moja, wakaimba kutoka huko. Wengine kumi wa orodha yangu hawakutoka hata kwa ibada. Waliimbia ndani ya nyumba zao, na ukipita njia ya Lisungwi, mtaa mmoja wa kambi, asubuhi ya Jumapili ulisikia wimbo mmoja ukitoka madirishani mbalimbali, kila mmoja na mwendo wake. Haukupatana hata kidogo. Nililia njiani, na sioni haya kusema.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Koko Nabintu. Koko kwetu ni bibi. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, mjane, mwalimu wa shule ya msingi wa Bukavu, aliyewafundisha watu ambao nao walikuwa na wajukuu. Aliishi peke yake Lisungwi, akidarizi vitambaa vya meza. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na alipokutazama ulihisi umesahau kazi ya nyumbani. Nilipomwomba abaki ndani, hakubisha. Alifanya mapatano.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka nitakuja kuwaambia, Koko."

"We mwenyewe?"

"Mi mwenyewe."

"Haya. Nitatoka siku utakuya we mwenyewe kuniambia toka. Mwingine akuye na kipaza sauti yake, apige kelele mpaka achoke. Kule kwetu bengi balitoka mu nyumba juu ya sauti ya bantu benye hawajue, na hawakurudia."

Mimi pia nilikuwa na majina yangu ya waliotoka wakiitwa. Nikakubali, na nilijisifu moyoni kwamba huyu angalau hatanisumbua.

Mwanzoni mwa Julai niliitwa Lilongwe kwenye semina ya siku mbili kuhusu mafua yale yale. Nilipewa kibali cha kutoka kambini, nikapanda minibasi, nikalala kwa dada mmoja wa kanisa letu huko Area 47. Siku ya pili mchana nilipita soko la Tsoka kununua mabaki ya vitambaa, nimshonee kila mzee kitambaa cha mdomo badala ya skafu zilizonuka moshi. Nilichagua kwa raha. Sikujua kwamba asubuhi ile ile, Dzaleka, vipaza sauti vilikuwa vinapita mitaani vikiita watu kwenye kontroli.

Kwa asiyejua: kontroli ni siku ya kuhakikisha majina. Kila mkimbizi anakwenda mwenyewe na kadi yake, anaonekana kwa macho, jina linatiwa alama. Asiyeonekana anahesabiwa kuwa ameondoka kambini, na jina lake linafungwa. Jina likifungwa, posho imefungwa: mahindi, maharage, mafuta. Kwa kawaida inatangazwa wiki nzima kabla. Safari ile ilitangazwa jana yake mchana, nami nilikuwa nimekwisha kuondoka.

Wazee kumi na watatu wa orodha yangu walikwenda. Jamaa na majirani waliwapakia kwenye kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, wakafika wamefunga midomo, wakasimama kwenye mstari mrefu nafasi ya fimbo. Mpaka leo naambiwa ilikuwa kama maandamano. Koko Nabintu hakwenda. Kipaza sauti kilipita mlangoni kwake mara mbili. Jirani aligonga. Akajibiwa kutoka ndani, "Faida hajakuya kuniambia." Faida ni mimi.

Niliporudi hakuna aliyenitajia, kila mtu akidhani ninajua. Siku ya posho jirani yake, aliyekuwa akimbebea, alirudi na mfuko mtupu. Jina halipo.

Nimefanya makosa kazini. Nimewahi kumpa mtu miadi ya siku isiyokuwepo kwenye kalenda. Lakini lile lilikuwa la aina nyingine. Nilikuwa nimemwambia mama wa watu akae, akakaa, na kwa kukaa kwake akafutwa. Nilikwenda dirishani kwake kumweleza. Alinisikiliza, akaendelea kudarizi. "Basi rekebisha," akasema. Kama mwalimu anayekurudishia daftari.

Nikaanza. Ofisi ya majina ipo kwenye majengo ya zamani ya jela, maana hapa palikuwa jela kabla ya kambi, na kijana aliyekaa mezani hakuwa mbaya, alikuwa na kanuni tu. Hakuonekana, kwa hiyo hakuwepo. Wengi wanaishi mjini na kurudi siku ya posho, akasema, kila mmoja ana bibi mgonjwa. Nilimwambia kwa Kichewa kwamba huyu bibi si mgonjwa, amejifungia. Kwa amri ya nani? Badala ya kujibu nikamtajia umri wa Koko. Akasema jina lililofungwa halifunguliwi hapa, linafunguliwa Lilongwe.

Nilipigwa danadana wiki tatu. Nilikwenda Lilongwe mara nne, kila safari kwa kibali kipya, kila kibali kwa sababu mpya. Pale Capital Hill, mtaa wa ofisi za serikali, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, kulikuwa na benchi la ukutani. Nilikaa benchi lile mpaka mlinzi akaanza kuniulizia habari za watoto. Safari ya kwanza mhusika alikuwa mkutanoni. Ya pili alikuwa safarini. Ya tatu karani mmoja mama mtu mzima, aliyekuwa amechoka kuniona, aliniita ndani. Nilikuwa nimejifunza kwa Bambo Phiri: nilikaa, nikaomba maji, nikayanywa, ndipo nikaanza. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema nahitaji mojawapo ya mambo mawili. Ama ushahidi wa maandishi kwamba bibi alionekana kambini siku ile ile ya kontroli, ama barua ya mtu aliyemzuia kutoka, ikisema ni nani na kwa mamlaka gani.

Ushahidi wa maandishi ulikuwa daftari langu. Kila siku niliandika kila mzee: saa, homa, kikohozi, neno alilosema. Kila siku isipokuwa zile mbili za Lilongwe. Mwenzangu mmoja wa kazi akaniambia, bila ubaya, "Mama Faida, andika tu. Nafasi iko pale. Ni nani atajua?" Nililifungua daftari, nikashika kalamu. Siwadanganyi, niliishika muda mrefu. Kilichonizuia si utakatifu. Nilifikiri: siku mtu akigundua mstari mmoja wa uongo, mistari mingine yote ya wazee wangu itakuwa uongo pia.

Ikabaki barua. Barua ilimaanisha kukiri kwamba mimi, mkimbizi asiye na karatasi ya uuguzi, nilijitungia amri na kuwafungia watu kumi na wanne bila ruhusa ya yeyote. Kwa hilo mtu hunyang'anywa begi. Nilikuwa nalipenda begi lile. Ndilo lililonifanya niamke nikiwa mtu na si namba. Niliandika barua Jumanne, kurasa mbili, kwa Kifaransa kwanza ili nisijipendelee, kisha dada wa Area 47 akanisaidia kwa simu kuiweka kwa Kiingereza. Niliandika: ni mimi, jina langu hili, mamlaka sikuwa nayo.

Nikampelekea Bambo Phiri aione, kwa sababu lawama ingemgusa na yeye. Aliisoma akiwa amesimama, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Akatoa kalamu, akaandika chini yake kwa Kiingereza kwamba alijua na hakunizuia, akatia sahihi. "Wakichukua begi," akasema kwa Kiswahili chake, "nitakuja kwenu, tutakaa." Hiyo ndiyo faraja pekee aliyonipa, na ilitosha.

Siku zile Koko Nabintu aliishi kwa wenzake. Wazee kumi na watatu, kila mmoja na posho yake isiyotosha, walimletea kikombe cha unga kwa zamu, kikiwekwa dirishani, anayeleta akirudi nyuma nafasi ya fimbo kabla hajaita. Mzee Lubunga alipeleka vikombe viwili na kusema kimoja ni cha ada ya shule.

Safari ya nne nikaipeleka barua. Siku kumi baadaye akaja afisa kutoka Lilongwe, kijana wa viatu vilivyong'aa, na orodha mkononi. Alitaka kujihakikishia kwamba bibi yupo na kwamba kweli hatoki kwa kuitwa na mtu mwingine. Akaniambia nisimame nyuma yake na nisifungue mdomo. Mkalimani wake akagonga. "Koko, mutoke. Tumeleta habari ya jina yenu." Kimya. Akagonga tena. "Koko, kuko mahindi ya miezi yote." Sauti ikatoka ndani, tulivu kabisa: "Muyawekeye benye kuwa na njaa. Mi niko ndani mpaka Faida aniambie."

Afisa alicheka kidogo, kisha akaacha. Akarudia mara ya tatu yeye mwenyewe, kwa Kichewa, kwa ukali. Hakujibiwa hata kidogo. Watu walikuwa wamejaa njiani, wamesimama mbalimbali kama walivyozoea siku hizo, na hakuna aliyesaidia. Hatimaye akageuka, akaniambia, "Haya, sema wewe."

Nikasema, "Koko, mutoke."

Mlango ukafunguka pale pale. Alikuwa amevaa kitenge chake cha ibada, kitambaa cha Tsoka mdomoni, kadi mkononi. Aliweka kiganja kifuani, akamwinamia afisa kutoka mbali, na afisa, bila kufikiri, akafanya vile vile. Jina likafunguliwa mwezi ule. Mimi nilipewa onyo la maandishi, ambalo lipo pamoja na vyeti. Begi nikaachiwa. Na baridi ile, katika wazee wangu kumi na wanne, hatukuzika hata mmoja.

Tangu hapo nimewasimulia kisa hiki kila kikundi kipya cha wahudumu, ninyi mkiwemo. Nimekisimulia kama onyo: mzee ukimwamuru anatii, kwa hiyo chunga unachoamuru, jua kalenda ya kontroli kabla hujafunga mlango wa mtu. Mmeandika hivyo kwenye madaftari yenu. Nimewaona mkiandika.

Jumapili, siku mbili baada ya kurudisha begi, nilikwenda kwa Koko Nabintu. Sasa anapita miaka themanini, macho yamepungua, hadarizi tena. Nilikaa mkekani. Nilikwenda kumwomba msamaha, kwa sababu katika miaka yote ile nilikuwa nimerekebisha lakini sijawahi kusema samahani. Nikasema. Nikasema nilimkosesha chakula kwa kumfanya anitii kama mtoto.

Alinitazama kwa yale macho ya darasani. "Faida," akasema, "ile siku ya kontroli nilisikia kipaza sauti. Nilijua ni kontroli. Nilifundishaka miaka makumi tatu, we unawaza sijue kusikia tangazo?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakutoka.

"Juu niliamka na homa. Nilikuwa nakohoa tangu saa kumi na moja ya asubuhi, kifua inauma. Na kwenye ule mustari kulikuwa nani? Lubunga, na ile kifua yake. Bazee bote ba orodha yako, masaa sita pamoja mu baridi. Ningeenda kufanya nini kule, kubagawiya homa?"

Nilikataa. Nilimwambia nilirudi kesho yake na kumpima, na daftari langu lilisema thelathini na sita na nusu, hana kikohozi. Akacheka mpaka akapangusa macho. Wakati ule nilikuwa nikimpitishia kipimajoto dirishani, anakaa nacho, ananisomea namba mwenyewe, kwa sababu alikuwa mwalimu na mimi nilisimama hatua tatu. Namba nilizoziandika siku nne mfululizo zilitoka kichwani mwake. Kikohozi alikibana kwa mto mpaka nipite.

"Na siku afisa alikuya," akaongeza, "nilikuona mu ufa ya mlango, umesimama nyuma yake sawa mutoto mwenye kuvunja chungu. Nikajua mi nikitoka mbele ya we kusema, barua yako itakuwa uongo. Nikangoja."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, hata baadaye, hata mara moja.

"Ungeandika," akasema.

Ni kweli. Ningeandika, na jioni ile ningepeleka jina lake kliniki, na wangekuja kumtoa mbele ya mtaa mzima. Kisha nikamwomba ruhusa ya kuandika sasa, kwa ajili yenu, ili mfute mlichoandika. Alifikiri sana. Alikubali, kwa sharti moja.

"Andika byote," akasema. "Lakini usiandike kama nilikutii."

Basi futeni. Hakunitii. Alikuwa kazini kama mimi, na siku ile alifanya kazi yake vizuri kuliko mimi.